Mchezo Uliokuwa Ukipumzika

Naandika polepole. Shule niliiacha darasa la sita, na mpaka leo herufi nazipanga moja moja, kama mtu anayepanga nyanya juu ya gunia. Katika kazi hii haikunidhuru. Ukifungua tumbo la mchezo wa zamani wa kompyuta hukuti sentensi, unakuta namba tu, na mbele ya namba kila mtu anasoma polepole.

Yaya wangu, dada mkubwa aliyenilea, ana chumba cha michezo mtaani Mudzipela, ukuta mmoja na mashine ya kusaga mahindi. Umeme tunauvuta kwa waya kutoka kwa jenereta ya mwenye mashine. Vyumba vingine vya mjini vina mpira kwenye televisheni kubwa. Sisi tulikuwa na kompyuta moja kuukuu, isiyo na betri, na ndani yake mchezo mmoja tuliouita Mchimbaji. Kijitu chenye kofia kinachimba udongo, kinaokota mawe ya manjano, na minyoo inakifukuza. Jiwe kubwa likimwangukia mnyoo, unaendelea. Likikuangukia wewe, unaachia mwenzako kiti.

Waliocheza ni watu wazima. Bingwa alikuwa mama muuza makala, yaani makaa ya kupikia, ambaye vidole vyake viliipaka klavye ya kompyuta weusi hata herufi zikapotea. Mpinzani wake alikuwa mchimbaji dhahabu wa kweli. Kila alipotoka machimboni kupumzika, alikuja kwetu kuchimba tena, na kulalamika.

“Majiwe haiangukaka vile,” alisema. “Ya kweli inakuambiaka kwanza.”

“Kama ingekuambiaka, ungekuwa tajiri,” mama alimjibu bila kutoa macho kwenye kioo. “Toka, weye umekufa.”

Halafu kompyuta ikaanza kunuka moshi. Yaya alinunua nyingine, mpya zaidi, nami nikahamishia mchezo humo. Mama akakaa, akaweka kidole, akafa. Akaweka tena, akafa kabla hajakiondoa. Mchezo ule ulitengenezwa kwa kompyuta dhaifu na ulikimbia kadiri mashine inavyoweza. Ndani ya mashine mpya minyoo ilikuwa kama imemwagiwa maji ya moto.

“Bila Mchimbaji sina wateja,” Yaya aliniambia. “Mutu mumoja anataka kununua meza na viti. Kama muchezo haiingii mu mashini mpya, namuuzia, tunaenda Ariwara kuuza nguo. Mimi nitapanga, weye utaita watu.”

Nilimwelewa vizuri. Mimi ni mtu anayesubiri barabara iwe tupu ndipo atoke kununua chumvi, na katika soko la Ariwara anayeuza nguo anapanda juu ya meza, anavaa sidiria ya kuuzwa juu ya shati lake na kupiga kelele mpaka jua linazama. Siku hiyohiyo nilianza kuujenga Mchimbaji upya.

Kupanga maagizo ya kompyuta nilijifunza kwa kitabu cha Kifaransa ndani ya simu, mstari mmoja mara kumi. Sikutaka kutengeneza mchezo unaofanana. Nilitaka uleule: jiwe lichelewe palepale, mnyoo akate kona kwa namna ileile ya kijinga. Nilisoma namba za mchezo wa zamani nikitafuta zipi zinaangusha jiwe na zipi zinatembeza mnyoo. Ziliponishinda, nilisimama nyuma ya wachezaji, waliorudia ile kompyuta kuukuu ingawa inanuka moshi, na kutazama. Kuuliza sikuweza.

“Mutoto huyu ananipumulia mu shingo,” mama alimwambia Yaya. “Anataka kunioa?”

Chumba kizima kilicheka, nami nikaenda kutazamia dirishani.

Kitu kimoja kilinishinda. Mchezo ulikuwa unapumzika. Mara kwa mara, ghafla, kila kitu kwenye kioo kilikuwa kizito, kinakwenda polepole, mnyoo na mchimbaji na jiwe linaloanguka, kwa muda mrefu, kisha kila kitu kikarudi kama kawaida. Wote waliijua hali hiyo. Mama alikuwa anaihifadhia njia zake za hatari: anajibana pembeni, anangoja, na mchezo ukianza kupumzika anapita katikati ya minyoo kama anayevuka barabara siku ya kampeni ya usafi, magari yote yakiwa yamesimamishwa. Mchimbaji dhahabu alisema ni udongo mgumu. Hata kule kwao machimboni kuna tabaka la namna hiyo.

Nilitafuta agizo la kupumzika kwenye zile namba mpaka nikaziota. Sikulipata. Nikaamini aliyetengeneza mchezo alikuwa mtu mwerevu kupita wote, aliyejua kuficha.

Kisha siku moja ukanda wa mashine ya kusaga ukakatika. Jenereta iliendelea kutupa umeme, lakini mchezo haukupumzika hata mara moja. Mama akafa mara nyingi, akanigeukia.

“Umeifungua mashini, umeikata pumzi.”

Sikuwa nimegusa kitu. Alasiri ukanda ukafungwa, mashine ikanguruma, na kwenye kioo minyoo ikawa mizito. Watu wakashangilia. Mimi peke yangu niliutazama ukuta. Kelele ya mashine ile tulikuwa hatuisikii tena, na mchana hatukuwasha taa, kwa hiyo hakuna aliyeona umeme ukinyongwa. Mashine ya kusaga ikianza inakunywa umeme wote, kompyuta yetu isiyo na betri inalegea, na mchezo unalegea nayo. Fundi wa Mchimbaji hakuficha kitu. Aliyekuwa anatupumzisha ni jirani, kwa mahindi.

Sasa nilifanyaje? Mchezo wa kweli haupumziki. Lakini ule wa Mudzipela unapumzika, na ndio waliokuwa wanausubiri. Mashine mpya ina betri, hailegei. Basi nikaipa sikio: ikisikia kwa kipaza sauti chake ngurumo nzito isiyokatika, iwe nzito. Nilijaribu Mchimbaji wangu mpya mashine ya jirani ikisaga, ukaenda vizuri sana, na nikamwambia Yaya aite watu.

Siku waliyokuja, mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi. Hakuna mama aliyetoka na mahindi. Mashine ya kusaga ilikuwa kimya. Mtu wa kununua meza naye alikuja, akasimama mlangoni na kipimo chake cha utepe.

Mama muuza makala akacheza. Alifika mahali pake pa hatari, akajibana pembeni, akangoja. Akangoja. Minyoo ikamla.

“Majiwe ni yenyewe,” alisema. “Minyoo ni yenyewe. Lakini haipumziki. Hii haiko Mchimbaji.”

Akainuka. Mchimbaji dhahabu akavaa kofia yake. Yaya akanitazama, mtu wa utepe akapiga hatua moja ndani. Nikakaa kwenye kiti, nikaanzisha mchezo, nikainamia kipaza sauti na kunguruma.

Nilinguruma kwa tumbo, kama mashine iliyojaa mahindi makavu, mbele ya watu wote. Minyoo ikawa mizito. Nikapita katikati yao, pumzi ikaniishia, nikafa.

Mama akarudi mpaka kwenye kiti.

“Nipishe,” mama akasema.

Alikaa, akajibana pembeni, akanguruma vizuri kuliko mimi. Akapita. Mchimbaji dhahabu akavua kofia, akasema zamu yake itakuja na atanguruma mwenyewe, asisaidiwe na mtu. Mwenye mashine ya kusaga akachungulia na kuuliza nani amewasha mashine yake bila ruhusa.

Yaya alikwenda mlangoni kuongea na mtu wa utepe.

“Papa, pole,” alisema. “Hizi meza ziko na watu.”