Akika Juu ya Jaa

Siku panya alipoonekana ametulia juu ya chandarua cha mjukuu wangu, binti yangu hakupiga kelele. Laiti angepiga! Alimtwaa mtoto, akamfunga ndani ya leso, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, sisi twahama." Nikajua hayo si maneno ya hasira, na nikaogopa. Mumewe, anayefanya kazi bandarini, alikuwa ameshaona nyumba Bamburi: maji hayakatiki, mlinzi yuko getini, gari lina pa kulala. Wangefanya akika ya mtoto hapa kwetu kwanza, anyolewe na kuombewa dua, kesho yake wahame.

Nimezaliwa nyumba hii hii, Mji wa Kale, ghorofa ya pili. Ukiziacha kelele za tuktuk za Makadara, ukapinda kichochoro chetu, siku hizi unachosikia zaidi ni kimya. Wa mkono wa kulia walihamia Nyali. Wa mkabala walikwenda Maskati. Wengine waliondoka bila hata kuaga, kufuli tu mlangoni. Nimewasindikiza wote kwa uso mkunjufu, lakini huyu ni mwanangu wa pekee, na yule aliyemfunga lesoni ndiye mjukuu wangu wa kwanza. Nikasema moyoni, hatoki mtu.

Panya walitoka gofuni. Ile nyumba ya mkabala, wenyewe walipokwenda Maskati, mvua ziliiingia, dari ikaanguka, kuta zikafuata. Kikabaki kiwanja cha mawe na vumbi. Mtu wa kwanza akatupa mfuko mmoja wa taka, wa pili akaona mfuko wa mwenziwe, basi. Likawa jaa. Watu walitoka mitaa mingine kuja kutupa nepi kwetu! Lori la taka haliwezi kuingia kichochoro chembamba kama chetu, na sisi wenyewe hatukugusa kitu.

Nilikwenda barazani kwa muuza duka, wanaume wanapokaa na kahawa yao, nikawaambia tuingie tusafishe. Muuza duka akaniangalia kwa huruma. "Dada yangu, ile ni mali ya watu. Ukitia chepe tu, kesho utaambiwa wataka kuwanyang'anya kiwanja chao."

"Ala! Kwa hivyo kumwaga taka ni halali, kuzizoa ndiyo haramu?"

Wakacheka. Mmoja wao akaniambia nirudi nyumbani nikapumzike, jua kali. Nipumzike, mimi! Nilirudi nyumbani damu inanichemka.

Nikaitafuta nambari ya mwenye lile gofu mpaka nikaipata. Ni mama mtu mzima sasa, anakaa na wanawe Maskati. Tulisalimiana kwa kirefu, hali, watoto, afya, kisha nikaomba ruhusa nimwonyeshe kitu. Nikageuza simu dirishani.

"Hapo penye godoro bovu," akasema, "palikuwa chumba changu. Wanangu wote nimewazalia hapo."

Niliona haya kwa niaba ya mtaa mzima. Akaendelea: "Zoeni, mwanangu. Ingieni mzoe, nawapa ruhusa. Na siku mtakayopapata pasafi, na mimi mnialike."

Alikuwa na maana gani sijui, lakini neno hilo la kualikwa halikunitoka kichwani. Asubuhi nilimwita bibi wetu wa kualika, yule anayepita nyumba kwa nyumba kila penye harusi au akika, kwa sababu kwetu kadi ni pambo tu, mwaliko ni wa mdomo.

"Akika ya mjukuu wangu," nikamwambia. "Ijumaa, baada ya swala."

"Mashaallah. Wapi?"

"Gofuni."

Akaniangalia. "Mwanangu, u mzima wewe?"

"Mzima kuwashinda nyote. Nenda kaalike."

Akavaa buibui lake akenda. Sasa, watu wa mtaa wetu wana ugonjwa mmoja: hawajui kukataa mwaliko. Bibi hajamaliza salamu, mtu ameshaitikia, "Inshallah, twaja, sote twaja!" Wakishaitikia ndipo huuliza wapi. Na mtu akishaitikia akika ya mtoto mchanga, atarudije nyuma? Aibu hiyo ataipeleka wapi?

Jioni muuza duka alikuwa mlangoni pangu, kofia mkononi. "Dada, hivi kweli twenda kula pale? Juu ya nepi?"

"Papo hapo, kakangu. Mwenyewe keshatoa ruhusa. Ukipenda mpigie simu."

Hakupiga. Kesho yake alikuja na chepe. Wale wa barazani wakamfuata na makarai, wanawake wakajifunga leso puani, na mikokoteni ikawa yapanda na kushuka mpaka barabarani, lori linapoweza kufika. Harufu, wallahi, sitaki kuikumbuka. Panya walikimbia mchana kweupe, na watu wazima na heshima zao wakawa wanaruka na kupiga mayowe. Siku ya pili tukakifikia kizingiti cha ile nyumba, na nyuma yake sakafu nyekundu, imepasuka lakini ipo.

Binti yangu alikuwa dirishani, mikono kifuani. Nyuma yake masanduku yalikuwa yameshafungwa.

"Mama, wajichosha bure. Patajaa tena."

Lilinichoma hilo, sisemi uwongo. "Pakijaa, nitazoa tena," nikamjibu, nikainama kuchota.

Ijumaa mikeka ikatandikwa juu ya sakafu ile. Masinia ya pilau yakapita, mtoto akanyolewa, dua ikasomwa. Simu tuliiegemeza juu ya jiwe, na mama wa Maskati akaitikia amina akilia na kucheka. Watu wakakaa mpaka magharibi, hakuna aliyetaka kuondoka. Binti yangu alikula na wenziwe, akapokea mtoto wake kwa kila aliyembeba, akashukuru. Kuhusu kuhama hakusema kitu, na mimi kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikaufunga mdomo.

Asubuhi nilikuwa jikoni nakata vitunguu, na kusema kweli machozi hayakuwa ya vitunguu. Masanduku yalikuwa ngazini, yangoja gari. Mara nikasikia ukelele kutoka nje.

"We! Wee bwana! Rudi uchukue mfuko wako!"

Nikakimbilia dirishani. Binti yangu amesimama kichochoroni miguu mitupu, leso imekwenda upande, mtoto kifuani. Mbele yake bwana nisiyemjua, na mfuko wa taka u chini kwenye kizingiti.

"Kwani kiwanja chako, dada?"

"Si changu, lakini mimi ni wa hapa! Hapa watu hula! Mwanangu kafanyiwa akika hapa jana! Uchukue, au nikufuate nao mpaka kwenu!"

Madirisha yakafunguka. Yule bwana akauokota mfuko wake, akaondoka haraka. Binti yangu akabaki palepale, anahema, anamtazama mpaka akapinda kona.

Anayehama hagombani namna hiyo. Sikumwita, wala sikushuka kumwambia lolote. Nilikwenda ngazini, nikafungua sanduku la kwanza, nikaanza kurudisha vikombe vyake kabatini.