Katarina wa Kwihara na Unga wa Kokwa za Zambarau

Katarina binti Masolwa alizaliwa Kwihara mwaka 1919, akabatizwa siku ya tatu kwa kuwa hakuna aliyetarajia aione ya nne. Aliishi. Aliolewa, akafiwa na mume na watoto wote wawili, na tangu hapo akafundisha katekisimu bila malipo.

Mwaka 1966 ilimshika kiu isiyokatwa na mtungi mzima, na daktari wa Tabora akamwambia ni ugonjwa wa sukari. Watu wa kwao walikuwa na kipimo chao: mkojo wa mgonjwa hukusanya sisimizi. Katarina alikausha kokwa za zambarau, akazitwanga, akanywa unga wake asubuhi na jioni. Mwezi haukwisha, sisimizi wakatoweka. Alimshukuru Mungu, akawagawia wagonjwa wengine bure, nao wakaacha sindano. Hapo ndipo mtumishi huyu alipokosea.

Mwaka 1974 alihamia kijiji cha ujamaa upande wa Kaliua, sifa zake zikiwa zimemtangulia. Alois, seremala mwenye ugonjwa huohuo, alikunywa unga ule, akawa anachungulia mkojo wake nyuma ya nyumba kila alfajiri, kisha akaja akicheka: "Shikamoo mama katekista. Leo hata mmoja hakuja." Lakini uso wake ulivimba, macho yakaingia ukungu, na mwaka 1976 figo zikamwua, sisimizi wasionekane.

Wenzake wa kanisani walimsihi Katarina anyamaze. Watu kumi na mmoja walikuwa bado wanakunywa unga ule. Lakini akikiri, nani angemsikiliza tena, hata katika habari za Mungu? Alifunga siku tatu. Jumapili akasimama mbele ya Getruda, mjane wa Alois, akasema:

"Sisimizi niliwauliza habari za mkojo tu. Figo za mumeo sikuziuliza. Nanyi wanangu, rudini hospitali."

Mtu akaguna nyuma, "Kumbe mchawi naye hutubu." Watoto wakaondolewa darasani mwake.

Kumi walikubali, akawasindikiza mwenyewe kwa treni hadi Tabora. Wa kumi na mmoja alikataa, akazikwa kabla ya mavuno. Katarina naye alikuwa amechelewa. Mguu wake ulioza. Getruda, ambaye kwa mwaka mzima hakuitikia salamu yake, ndiye aliyeuosha mpaka Katarina alipofariki, Machi 1978. Alipoulizwa sababu, alijibu, "Wote walinipa pole. Yeye alinipa ukweli."

Hatusemi kaburi lake limeponya mtu. Wale kumi waliishi, na ajabu hiyo yatutosha. Anayetaka kumfuata asimwige katika kutwanga dawa. Amwige Jumapili ile.