Wivu wangu kwa mtu aliyemrudishia mke wangu mkono

Wakuu wa daftari hili, salamu zenu nyote.

Najua daftari la kilabu yetu ya Changamwe huandikwa zaidi habari za mpira, na nani kamfunga nani kwenye bao. Leo nachukua kurasa chache kwa jambo la nyumbani kwangu. Sitapunguza wala sitaongeza, hata pale ninapojiaibisha.

Wengi mwanijua. Kazi yangu ni kupima mafuta kwenye matangi, hapa hapa Changamwe. Napanda ngazi, nashusha ufito wa chuma, nasoma alama, naandika. Shule sikwenda. Kusoma nilijifundisha ukubwani, na tangu hapo kitu nisichokipima huwa sikiamini.

Mke wangu, Mwanahamisi, mama wa Zuhura wetu, alipatwa na kiharusi asubuhi moja akichota maji mtungini. Upande wa kulia wote ukalegea.

Ulimi ulirudi baada ya siku chache. Mguu ukafuata kidogo kidogo, hata akaweza kutembea akishika ukuta. Mkono ulibaki umelala kifuani kama si wake.

Shangazi yake, Bi Rukia, alikuja kukaa nasi. Lakini kumlisha, kumchana na kumfunga leso nilifanya mimi, kila siku kabla ya kazi. Majirani walinisifu. Nakiri nilizipenda zile sifa.

Na leso nilimfunga vizuri. Nilijua pindo likae wapi, na nikaze kiasi gani lisimbane pumzi.

Nilinunua pia kitabu kikuukuu cha Kiingereza juu ya misuli, nikakisoma kwa kamusi. Nikashona mpira wa kitambaa, nikamwambia aufinye mara thelathini asubuhi na mara thelathini baada ya magharibi. Kila Ijumaa nilimpima mkono kwa uzi. Alifinya kama mtoto anayemeza kwinini, kunifurahisha mimi.

Uzi haukuonyesha kitu.

Daktari ndiye aliyenitajia Katana. Ni kijana wa Rabai, dresa, yaani msaidizi wa tabibu, katika zahanati moja ya Likoni. Wakati wa vita alikuwa kwenye wodi ya askari walioumia, na kazi yake haikuwa sindano wala kufunga vidonda. Alikuwa akiwarudishia watu shughuli zao: kula, kuvaa, kuandika barua, kushika jembe. Kumbe hiyo ni elimu kamili, ina wenyewe.

Tuliagana aje kila Jumamosi, na ya kwanza alikuja mikono mitupu. Mimi nilikuwa nimepanga karatasi zangu zote za vipimo mezani. Hakuzitazama. Wala mkono wa mgonjwa hakuushika. Alivuta kibao akaketi.

"Mama Zuhura, nisimulie siku yako. Tangu unafumbua macho."

Aliuliza kila kitu. Nani akumiminia maji? Unaketi wapi ukila? Mara mbili nilijibu badala yake. Mara ya tatu Katana akanigeukia.

"Bwana, yako nitakuuliza. Hii ni siku yake."

Bi Rukia alicheka ndani ya mtandio wake.

Kisha Katana akamuuliza mke wangu, "Katika yote usiyoyaweza, lipi likuumalo zaidi?"

Nilitarajia aseme kupika. Mwanahamisi aliigusa leso yake kwa mkono mzima.

"Nataka kujifunga leso mwenyewe."

Wakuu, katika mambo yote niliyomfanyia, alichagua lile nililolifanya vizuri zaidi.

Sasa nieleze yule mtu alivyofanya, maana huenda likamfaa mwenye mgonjwa.

Alilikata jambo moja vipande vidogo. Kwanza aketi, leso iwe mapajani, mkono mgonjwa uwekwe juu yake tu, uizuie isianguke. "Mkono huu hauna nguvu," alimwambia, "lakini una uzito. Na uzito nao ni kazi." Kipande hicho kilipokaa sawa ndipo kikaja cha pili: asimame, mgongo ukutani, leso ibanwe kati ya mgongo na ukuta. Halafu mkono mgonjwa ubane upindo mbavuni, mzima uzungushe na kuchomeka. Akichoka, wanaacha.

Nyumba nayo aliibadili. Mtungi mrefu uliondolewa, ikaja ndoo juu ya kigoda. Mpini wa mwiko aliuzungushia kitambaa hata ukanenepa, vidole vikapata pa kushika. Bi Rukia alipokuna nazi, Mwanahamisi alipewa kazi ya kulizuia sinia.

Nikamuuliza, je, mpira wangu?

"Si mbaya, Bwana. Ila mkono haujui hesabu. Wajua kazi."

Baada ya Jumamosi chache vidole vikaanza kufuata. Niliyaandika yote, hatua kwa hatua. Ilinipasa nifurahi. Badala yake nikawa naichukia Jumamosi.

Siku moja niliwahi kutoka kazini. Nikiwa bado nje ya ua nikamsikia Katana.

"Leso imekukimbia tena, Mama Zuhura. Hii yako ina miguu?"

"Ina miguu. Imesikia Rabai hamna nguo, yawahurumia."

Wakacheka wote watatu. Nilisimama pale pale. Tangu augue, mke wangu hakuwa amecheka nami hata mara moja, wala sikuwa nimegundua mpaka dakika ile.

Nilipoingia, Katana alikuwa amemshika kifundo cha mkono akiuelekeza mbavuni. Bi Rukia alikuwa kando yao akichagua mchele. Halikuwapo jambo baya, na nilijua halikuwapo. Kujua hakukunisaidia.

Sikugomba. Nilimpa kahawa, nikamshukuru kwa maneno mengi mazuri, nikamwambia hatua zote ninazo, asijisumbue tena na safari ya feri.

Akaomba karatasi zangu, akazisoma taratibu.

"Umeandika vizuri," akasema. "Pa kungoja umepaandika wapi?"

Sikumwelewa, na sikutaka kumwelewa. Akaaga.

Basi nikashika usukani. Nilizifuata hatua zile kama nifuatavyo alama za ufito. Lakini leso ilipoteleza, mkono wangu ulifika kabla ya wake. Nilijiambia namsaidia kidogo tu. Kidogo kile kilikuwa ndicho kipande chake, nami nilimnyang'anya kila asubuhi.

Akaacha kujaribu. Vidole vikaanza kujikunja tena. Ikafika siku akaketi ukingoni mwa kitanda, ameinua mkono mzima, anangoja nimfunge.

Nikamfunga. Nikamuuliza kwa nini amekata tamaa.

"Baba Zuhura," alisema, bila hasira, "wataka nipone, ama wataka uniponye wewe?"

Siku ile nilipima tangi moja mara tatu nikapata majibu matatu.

Jumamosi iliyofuata nilivuka feri kwenda Likoni. Nilimkuta Katana akikunja bendeji barazani mwa zahanati. Nilikuwa nimetayarisha maneno njiani, yakapotea yote.

"Nilikuonea wivu," nikamwambia.

"Najua." Aliendelea kukunja. "Wake za askari walinichukia vivyo hivyo. Mume akijua kuvaa kiatu tena, hunitazama mimi, na aliyemlisha miezi yote ni mke. Ningekuwa wao, ningemchukia mtu kama mimi."

"Utarudi?"

"Nitarudi. Nawe uwepo. Ila kazi yako ni kukaa. Usiseme, usinyooshe mkono. Akikuomba mwenyewe, hapo sawa."

"Na asiponiomba?"

"Basi utakuwa umekaa."

Alikuja Jumamosi iliyofuata, na nyingine baada yake. Ilibidi waanze tena karibu na mwanzo, na hilo ni juu yangu. Nami nilikaa. Niwaambie ukweli, kupanda tangi jua la saa saba ni rahisi kuliko kukaa vile. Leso inaanguka, mke wangu anainama kuiokota kwa pumzi za shida, nami nimeikalia mikono yangu miwili kama mtu aliyefungwa.

Jumamosi moja ilianguka mara nne. Mara ya tano akauegemea ukuta, akaubana upindo kwa mkono ule ule uliokuwa umelala, akazungusha, akachomeka. Ikakaa.

Ilikaa upande. Pindo la kushoto lilikuwa chini ya la kulia kwa vidole vitatu. Macho yangu yalipima yenyewe.

Hakunitazama mimi, wala Katana. Alimwambia Bi Rukia, "Nipe na ya pili."

Akajitanda kichwani.

"Wenda wapi?" nikauliza, na hapo nilikuwa nimevunja sharti.

"Kwa Mwanaidi, nyumba ya tatu. Tangu niugue yeye ndiye huja. Leo naenda mimi."

Niliinuka. Katana alinitazama. Nikaketi.

Mwanahamisi alitoka akishika ukuta wa jirani kwa mkono wa kushoto. Nilimtazama kupitia mlangoni mpaka akaingia kwa Mwanaidi. Hakugeuka. Nikasikia wanawake wakimpokea kwa vigelegele, nikamwonea wivu na Mwanaidi.

Wivu huo bado ninao, sitawadanganya. Nilichojifunza ni kwamba mgonjwa aulizwe kwanza anataka kurudi kwenye lipi, kisha apewe muda wa kulikosea. Upendo wa mwenye mikono mizima waweza kumlemaza mtu sawasawa na kiharusi. Mimi nilifanya hivyo huku nikisifiwa.

Nimeacha kurasa mbili wazi hapa chini. Mwenye mgonjwa nyumbani aandike aliyoyajaribu. Na wewe uliyewahi kuuguzwa, andika kile ulichofanyiwa kwa mapenzi ukakichukia. Ninyi ndio nataka kuwasikia zaidi.

Andikeni kwa herufi zinazosomeka. Mke wangu hajui kusoma, nami nitamsomea yote, kwa sharti lake: nisiruke hata jibu moja, na nisimjibie.