Mkono Ndani ya Mtego

Ukipita mtaa ule ukakuta geti ambalo mwenye nyumba analifungua kwa bega, amekunja uso kama anayesukuma lori, usiulize nani kalitengeneza. Ni Fundi Cheche. Jina alilopewa na wazazi wake hakuna anayelikumbuka isipokuwa mkewe, naye hulitumia siku za ugomvi tu. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma tangu ujanani, na kujisifu kwake kulikuwa sehemu ya bei. Mwizi akiuona mlango wangu, aliwaambia wateja, anabadilisha kazi. Na tusimnyime haki yake: hakuna mwizi aliyewahi kuuvunja.

Karakana yake ilikuwa mwisho wa mtaa, pale nyumba zinapokoma na kiwanja kikubwa cha nyasi kinapoanza. Humo nyasini waliishi kwale. Kulipopambazuka waliitana, na Cheche alizoea kufungua kufuli la karakana huku akiwasikiliza. Mwaka mmoja kwale jike alitaga uani kwake, chini ya geti bovu lililoegemezwa ukutani. Mteja akaja kulitaka geti lile kwa bei nzuri. Cheche akakataa, akasema lina mpangaji. Akahamishia nyundo zake upande wa pili, na kwa siku zote za kuatamia akafanya kazi kwa adabu ambayo hata mkewe hakuwahi kuiona nyumbani. Kisha asubuhi moja akakuta manyoya yametapakaa, maganda ya mayai yamepondeka, na paka shume wa rangi ya majivu amekaa juu ya pipa anajilamba bila haya. Siku hiyo Cheche hakula chakula cha mchana, na yeye si mtu wa kuacha chakula.

Paka hawakuwa na kosa. Paka ni paka. Lakini mtaani pale walikuwa wamezidi. Watu walihama wakawaacha, walioachwa wakazaana, na mapipa ya wauza samaki yakawalisha wakanenepa. Wakishiba waliingia nyasini kuwinda kwa starehe tu. Basi daktari wa mifugo, mama mmoja asiyependa maneno mengi, akawaita watu shuleni. Alieleza kwamba msimu uliopita hakuna kifaranga hata mmoja wa kwale aliyefikia kuruka, na msimu kama huo ukijirudia mara chache tu, kiwanja kitanyamaza. Alitaka mashume wakamatwe bila kuumizwa, yeye awafunge uzazi, kisha mwenye kinu cha unga awachukue kwenye maghala yake yenye ukuta mrefu, ambako panya walikuwa wanakula kuliko wateja. Wenye paka wa nyumbani wawafungie ndani. Wauza samaki walikubali kufunika mapipa, vijana wa pikipiki wakakubali kubeba. Ilibaki mitego, na Cheche alikuwa ameshasimama kabla daktari hajamaliza kusema.

Kikwazo kilikuwa kimoja tu, nacho ni mama mkwe wake.

Bibi huyu alikuwa mkunga mstaafu. Mikono yake myembamba ndiyo iliyowapokea nusu ya watu wa mtaa, wakiwemo watoto wote wa Cheche. Nyumba yake ilipakana na zile nyasi, na kila jioni alimwaga makombo uani, mashume wakaja kutoka kila upande kama walioalikwa harusini. Bila ua ule, mitego ingekuwa mapambo. Lakini nani anamwamuru mama mkwe? Cheche alivaa shati safi, akaenda, akaamkia kwa unyenyekevu, akaketi kwenye ncha ya kiti, akaeleza shida yake akitazama sakafu. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho. Akakubali ajaribu mtego mmoja, kwa sharti kwamba hataumizwa paka hata mmoja.

Hapo ndipo Cheche alipojiponza mwenyewe. Alitengeneza mtego kwa namna pekee aliyoijua, yaani kama geti. Nondo nene, bati zito, mlango wa kushuka kwa kishindo. Alizunguka nao mtaani akisema hata chui akiingia hatoki. Hakuna aliyemuuliza chui atatafuta nini uani kwa mama mkwe. Jioni ile ile mtego ukanasa, na aliyenaswa hakuwa shume. Alikuwa Bibie, paka wa bibi mwenyewe, mweupe, mtulivu, anayelala juu ya mto. Mlango ulimshukia mkiani ukaikata ncha.

Bibi hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa nafuu. Aliukodia mtego mkokoteni, akaurudisha karakana, na msukuma mkokoteni akapewa ujumbe mfupi: "Mwambie mwanangu nimeiona kazi yake." Cheche aliungua mikono mara nyingi maishani, lakini maneno hayo yalimchoma pasipo na dawa.

Habari ilienea kabla jua halijazama. Wenye paka wakasema watoto wao hawatakatwa mikia. Wauza samaki wakafunua mapipa yao. Mmoja wao akasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, akahakikisha amelisema karibu na karakana. Nyumbani mkewe alilitumia lile jina la wazazi wiki nzima. Cheche akatangaza kwamba mambo ya ndege amewaachia ndege wenyewe, yeye anarudi kwenye mageti.

Daktari alimfuata karakana. Alikuwa ametoka kumshona Bibie. Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akautazama ule mtego kwa muda mrefu, akamwambia kwamba mlango ule ni wa kumzuia mtu mwenye nia mbaya, na paka hana nia yoyote, ana njaa tu. Kisha akauliza kama anaweza kutengeneza kitu chepesi. Swali lile lilimkera Cheche kwa sababu hakuwa na hakika na jibu. Jioni alimweleza mkewe, akitaraji huruma. Mkewe alikuwa anapanga vyombo. Akasema bila kugeuka kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na kwamba mama yake haumi.

Basi akaanza upya. Mtu aliyezoea kubeba chuma begani sasa alishika waya mwembamba kwa ncha za vidole, akitukana kwa sauti ya chini. Aliacha nondo, akatumia wavu. Mlango akaufanya mwepesi, wa kuteleza taratibu kwenye reli mbili. Fundi baiskeli wa jirani akampa tyubu kuukuu, wakaikata, na mkewe akaishona kwenye ukingo wa chini kwa sindano ya magunia, ukingo ukawa laini kama ufizi. Daktari akapima nafasi ya kuacha chini ili mkia upite salama. Ukabaki ushahidi. Cheche aliweka yai chini ya mlango, akauachia. Yai likapasuka. Akapunguza uzito, akaweka jingine. Nyumba ilikula mayai ya kukaanga mpaka watoto wakaomba maharage. Hatimaye mlango ukashuka juu ya yai, na yai likabaki zima. Cheche alilifunika kwa viganja viwili, akalipeleka jikoni, akalionyesha. Mkewe alilichukua, akaligeuza huku na huku, akacheka mpaka akakaa chini.

Lakini yai si paka, na mtaa ulikuwa umeshachoka na sifa zake. Mwalimu mkuu akafungua tena darasa Jumamosi mchana ili neno la mwisho lisemwe. Watu walijibana kwenye madawati ya watoto, magoti juu. Bibi alikuwa dawati la mbele kabisa, Bibie mapajani, bandeji mkiani. Kila mtu alijua anayesubiriwa ni yeye. Akikataa, ua umefungwa, na msimu wa kutaga ulikuwa mlangoni.

Cheche aliweka mtego juu ya meza ya mwalimu. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, alizungumza kwa ufupi. Alisema wa kwanza ulikuwa mbaya na kosa ni lake, huu ni mwingine. Kutoka nyuma mtu akasema maneno hayakati mikia. Watu wakacheka. Cheche alikunja mkono wa shati, akauingiza mkono wake wa kulia, ule wa kazi, chini ya mlango, na kwa mkono wa kushoto akashika pini ya kuuachia.

"Utoe," bibi akasema.

Alimkabidhi daktari paka wake, akainuka, akasogea mezani pole pole. "Mkono wako umezoea moto na nyundo," alisema. "Hata ukiumia hutajua. Huo si ushahidi."

Akavua bangili yake, akaiweka mezani. Akauingiza mkono wake mwenyewe.

Ulikuwa mkono wa mtu mzima sana, ngozi nyepesi, mishipa inaonekana, mifupa ya kifundo kama vijiti vya kiberiti. Mle ndani walikuwepo watu wazima wenye ndevu ambao mkono ule ndio uliowashika kabla ya mama zao. Mkewe Cheche, aliyesimama mlangoni, alijiziba mdomo kwa ncha ya khanga.

"Achia, mwanangu."

"Mama, siwezi."

"Huiamini kazi yako?"

Cheche alitazama ule mlango. Alikumbuka uzito wake, mpira wake, kila mshono. Maisha yake yote alikuwa amesifu milango ambayo hakuna mpendwa wake aliyewahi kuweka mkono chini yake.

"Naiamini," akasema.

"Basi achia."

Akavuta pini. Mlango ukateleza, ukatua juu ya kifundo cha mkono wa bibi, ukatulia. Bibi hakutikisika. Alikunja vidole kimoja kimoja, akavikunjua, kama anayejaribu glavu. Kisha akageuza uso kwa watu.

"Kichanga akikupiga teke, anaumiza kuliko hivi," akasema. "Uleteni kwangu leo. Na chakula cha kutegea nitaweka mimi, maana mimi ndiye wanayemjua."

Cheche akabaki ameshika pini kama mtu aliyesahau ni ya nini, mpaka mwalimu mkuu alipomkalisha.

Kuanzia hapo kazi ikawa kazi ya watu. Cheche alitengeneza mitego mingine kama ule. Bibi hakumwaga tena makombo ovyo, aliyaweka ndani ya mitego ikiwa wazi mpaka mashume wakaizoea, kisha ndipo ikategwa. Shume wa rangi ya majivu alikuwa wa mwisho, maana alikuwa mjanja kuliko diwani, lakini hata yeye hakuweza kuukataa mwaliko wa bibi. Aliletwa kwa pikipiki, amekasirika, hana hata mkwaruzo. Daktari alishona mpaka macho yakamuuma. Mwenye kinu akaanza kujigamba kwamba maghala yake yana walinzi wenye vyeti vya hospitali. Mapipa yalifunikwa. Bibie alihamia dirishani, akawa anaitazama dunia kupitia kioo, na kwa ile heshima aliyopewa sidhani kama alijutia ncha ya mkia.

Watu wa mitaa mingine wakaja kuiona ile mitego. Wenyeji walijiandaa kwa hotuba ndefu, wakijua mtu wao. Lakini Cheche aliushika mtego akawa anaonyesha kwa kidole: wavu ni wangu, mpira ni wa fundi baiskeli, mshono wa mke wangu, vipimo vya daktari, na mkono ulioujaribu ni wa mama yangu. Kidole kimoja hakivunji chawa, aliwaambia. Walionunua walinunua, na walioomba kujifunza aliwafundisha.

Mvua zilipoisha, asubuhi moja, kwale jike alitoka nyasini karibu na ua wa bibi. Alisimama, akageuza shingo, akaingia njiani. Nyuma yake vikatoka vifaranga, vidogo, vya kahawia, vikikimbia kwa fujo, kimoja kikianguka na kuinuka. Muuza maji akasimamisha mkokoteni wake. Kijana wa pikipiki akapiga honi, na watu watano wakamgeukia kwa macho ambayo hatayasahau. Akazima injini. Cheche naye akazima mashine yake, akatoka nje na mkewe. Mtaa mzima ulisimama kwa ajili ya ndege asiyefika hata goti la mtu, na kila mmoja aliyekuwepo alijua sehemu yake katika jambo lile. Walisimama wima zaidi, hata walio na mizigo kichwani.

Kwale akawavusha watoto wake wote, akapotelea nyasini upande wa pili.

Cheche alikuwa amevaa miwani yake nyeusi ya kuchomelea. Mkewe alimtazama, akamuuliza miwani ya nini na mashine imezimwa.

"Mwache," bibi akasema kutoka mlangoni kwake. "Mtu akipata watoto, hulia."