Amulen na Mtoto wa Shaba

Amulen wa Sikuda hakuzaliwa jana, na alihakikisha kila mtu analijua hilo. Akinunua maziwa aliyanusa, akayaonja, kisha akaomba kumwona ng'ombe mwenyewe. Kanisani alikaa benchi la mbele, si kwa uchaji, bali apate kuitazama vizuri midomo ya katekista anapofika kwenye ahadi za mbinguni. Mumewe Opolot, mtu mpole aliyekwisha kuzoea, alisema jua likichomoza Amulen huuliza kwanza limetumwa na nani. Watu walicheka, lakini mwenye ng'ombe mgonjwa wa kuuza alingoja mpaka Amulen ameenda kisimani ndipo akamleta kwa Opolot.

Tusimcheke sana. Nzige walikuwa wamepita mwaka uliotangulia na kuacha mabua matupu. Wazungu nao walikuwa wamechora mpaka katikati ya mashamba ya watu, wakaweka askari wa kumuuliza mtu aendaye kwa kaka yake anakwenda kufanya nini. Aliyekulia hapo akamwamini kila apitaye, huyo ndiye wa kushangaza.

Binti yake mmoja tu aliishi, Akurut. Alipopata mimba ya kwanza, Akurut alikuja kujifungulia kwa mama yake, na mtoto alikuwa wa kiume. Sasa kwa Wateso, watu wa kabila lake, mtoto hapewi jina hivi hivi. Hupikwa pombe ya wimbi, mama mzee akachovya kidole, akakitia mdomoni mwa mtoto huku akiyataja majina ya wazee waliokufa. Jina litakalomfanya mtoto anyonye kidole ndilo lake. Kabla ya siku hiyo yeye ni mgeni tu aliyesimama mlangoni.

Pombe ilipikwa. Wakwe wakaleta majina yao, na Amulen akayachunguza majina hayo kama alivyochunguza maziwa. Moja lilikuwa la babu mmoja ambaye, kwa habari alizosikia sokoni, alikufa akimlaani mtu. Mtu gani? Laana gani? Amulen akasema siku ya jina iahirishwe kwanza apate kuulizia. Akazunguka vijiji akiulizia, na alipokuwa bado anaulizia, homa ikampata mtoto ikamchukua.

Walimzika nyuma ya jiko. Akurut alifungua mdomo kulia, na Amulen akauziba kwa kiganja chake. "Usilie, mwanangu. Asiye na jina haliliwi. Hakuwa mtu bado." Hiyo ndiyo desturi aliyoachiwa na mama yake, naye aliamini anampunguzia binti yake mzigo.

Akurut hakulia. Hakula vizuri pia, wala hakuongea, wala hakutaka kurudi kwa mumewe. Alikaa akitazama ukuta wa jiko. Opolot alikuwa akimuuzia samli mjane mmoja wa Kihindi huko Tororo, ambaye marehemu mumewe alikuwa na duka la vitambaa, watu wakimwita Mama Kashi. Mjane huyo alitafuta mwanamke ajuaye kusuka maziwa kwa kibuyu, kwa kuwa alitaka siagi mbichi kila asubuhi. Opolot akaona afadhali mikono ya Akurut ipate kazi.

"Mjane mmoja anakula siagi kiasi gani?" Amulen aliuliza. Akurut akaenda hivyo hivyo.

Aliporudi kusalimia baada ya miezi michache, alikuwa amenenepa. Alikuwa akichambua mboga huku anaimba kwa sauti ya chini, wimbo usioeleweka, wenye neno moja linalorudi na kurudi. Mama mwingine angepiga magoti na kushukuru. Amulen alichukua fungu la mboga, akaketi karibu yake kumsaidia.

"Hiyo siagi inaliwa na nani?" akauliza tena.

"Na Mungu," Akurut akajibu.

"Mungu ana meno?"

"Ni mtoto mchanga, Mama. Wa shaba. Anatambaa, mkononi ameshika donge la siagi. Asubuhi Mama Kashi anamwamsha, anamwogesha, anamvisha, anamlisha. Mchana anamlaza kwenye bembea. Zamani nilikuwa nakaa nje barazani. Siku hizi ananiachia kamba nimbembeze."

Amulen akaacha kuchambua mboga. "Na huyo mama anakwambia nini mnapombembeza?"

Akurut alifikiri kidogo. "Ananiambia yeye hayupo. Anasema mimi naye na mtoto si watatu, ni mmoja. Anayesuka siagi ni Mungu, na anayeila ni Mungu. Hilo 'mimi, mimi' tunalolisema anasema ni ndoto tu, mtu akiamka halipo."

"Kama hayupo, ni nani anayekutuma maji?"

Akurut akacheka. Amulen hakucheka, maana yeye alijua jambo moja kuhusu watu: anayekuja kwako akisema yeye si kitu, funga zizi. Mtu huyo anajiandaa kufanya neno ambalo kesho hatataka kuulizwa. Na usiku kucha, badala ya kulala, aliyapanga pamoja mambo mawili: mtoto aliyekufa bila jina, aliyebaki mlangoni pasipo wa kumkaribisha; na mtoto wa shaba anayekula siagi iliyosukwa na mama wa marehemu. Hapo ndipo alipopata jibu, na lilikuwa jibu ambalo nje ya nyumba za Wateso lisingemwingia mtu kichwani. Yule Mhindi alikuwa amemdaka mjukuu wake! Roho isiyo na jina ni ya kuokota, naye ameiokota, akaitia kwenye shaba, na sasa anamvuta mama kwa kamba ya mtoto. Asipofanya kitu, atampoteza Akurut pia, akae Tororo akiimba mpaka naye asiwepo.

Katekista alimwambia kwamba sanamu ina macho na haioni. Amulen akamshukuru, na akatoka akiwa na hakika kwamba katekista haelewi kitu.

Akaenda Tororo. Mama Kashi alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, amevaa sari nyeupe iliyochakaa, hana hata bangili moja. Alimkaribisha barazani, akampa chai ya maziwa yenye tangawizi. Amulen aliishika bila kuinywa.

"Mama ya Akurut," mjane akasema kwa Kiswahili cha dukani, "toto yako iko mzuri sana. Yeye naimba, Bhagwan, Mungu yangu, nasikia."

"Na wewe? Wanasema wewe hupo."

Mama Kashi akatabasamu mpaka macho yakafumba. "Mimi hapana iko. Zamani iko mingi sana. Bwana yangu nakufa, duka nakwenda, mimi nalia: yangu, yangu! Sasa Yeye tu iko. Hata chai hii, Yeye nakupa wewe, Yeye nakunywa."

"Mimi sijainywa," Amulen akasema.

Adhuhuri mjane akaenda kuoga kabla ya kula, ndiyo ada yake, na Akurut akaenda kuteka maji. Mlango wa chumba cha ndani ulikuwa wazi. Mtoto wa shaba alikuwa amelala kwenye bembea ya mbao, mdogo kama kiganja na nusu, amevaa kanzu ya hariri, uso umesuguliwa hadi unang'aa. Amulen hakusita. Alimfunga mgongoni kwa leso, kama mtoto mwingine yeyote, akatoka mpaka barabara kuu bila kugeuka.

Alipata lori la pamba la Obbo, mtu wa kabila la Wajapadhola aliyekuwa akienda upande wa Busia. Nyuma, juu ya magunia, alikuwa ameketi mwanamke mmoja, Loy, anayepeleka kuku sokoni.

"Mtoto yako nalala vizuri," Loy akasema kwa Kiswahili cha sokoni. "Hata kulia, hapana."

"Ni mpole," Amulen akajibu kwa mkato, na akamshuku Loy kwa kuuliza, ingawa Loy hakuwa ameuliza kitu.

Jua lilikuwa kali. Walipopita karibu na Petta, Amulen aliona mkono wake mwenyewe ukirudi nyuma, ukashika pindo la leso na kuvuta kivuli juu ya kichwa cha shaba. Akautazama. Akaurudisha pajani. Lori likaingia shimoni, likaruka, na mkono ukaenda tena nyuma, safari hii ukapiga matakoni taratibu, taratibu, kama unavyompiga mtoto aliyeshtuka. Nani aliyeutuma? Si yeye. Yeye alikuwa amekaa pale anamchukia yule mtoto wa shaba kwa moyo wake wote. Amulen alikuwa amewashuku watu wote wa Sikuda, wakwe, askari, Wazungu na baadhi ya mitume, lakini hakuwa amewahi kujishuku yeye. Sasa alijishuku, na hofu iliyomshika ilikuwa kubwa kuliko zote, kwa sababu huyu hakuweza kumfungia mlango.

Nyumbani Opolot alimwangalia akimfungua mgongoni. Akakaa chini.

"Umeiba Mungu wa watu?"

"Nimemrudisha mjukuu wako. Kesho namzika pale pale, apumzike, na Akurut awe huru."

"Amulen," Opolot akasema, kisha akainuka kwenda kuwafunga ng'ombe, kwa kuwa ameishi naye miaka mingi.

Asubuhi alichukua jembe akaenda nyuma ya jiko. Alichimba kidogo, akasimama, akachimba tena. Udongo ulikuwa mwepesi lakini mikono haikutaka. Mtoto wa shaba alikuwa kwenye leso kivulini, anatambaa bila kufika popote. Kabla shimo halijamtosha, lori la Obbo likaingia uani, ndani wameketi Mama Kashi na Akurut.

"Mama," Obbo akaita kwa furaha, "mtoto ile ya jana naendelea?"

Mama Kashi alishuka, akaliona jembe, akaliona shimo. Amulen alijiweka tayari kwa matusi. Aliyataka. Tusi angelijua la kulifanyia, na angejua hatimaye mjane huyu yupo kama watu wengine wanavyokuwepo.

"Yeye nataka kutembea," mjane akasema, na machozi yalikuwa yakimtiririka ingawa sauti ilikuwa tulivu. "Wewe hapana chukua Yeye. Yeye nachukua wewe."

"Niite mwizi!"

"Nani mwizi? Hapana iko." Akainama akamwokota, akampangusa vumbi usoni kwa ncha ya sari. "Leo nakula nini?"

"Maziwa," Amulen akasema, kabla hajajizuia.

Opolot alikohoa ili asicheke. Lakini Akurut hakuwa na kicheko. Alikuwa amesimama mbele ya shimo lile jipya na kijikaburi kilicho pembeni yake, na alipozungumza, sauti yake ilitoka kavu.

"Ulitaka kumzika kwa haraka huyu naye?"

"Nilitaka upone, mwanangu. Huyu mwanamke anakumaliza. Anakufundisha kwamba hupo."

"Mama, wewe ndiye uliyenifundisha. Hapa hapa. Ulisema hakuna mtu." Akurut akaonyesha kijikaburi. "Mama Kashi naye anasema hakuna mtu, hakuna mimi, hakuna wewe. Maneno ni yale yale. Lakini yeye akishayasema, anaosha, analisha, anaimba. Wewe ulipoyasema ulichukua jembe."

Akageuka, akamsaidia Mama Kashi kupanda, na mwenyewe akaweka mguu kwenye ngazi ya lori. Ilikuwa wazi kwa kila mtu kwamba hatarudi tena kusalimia.

Amulen alitaka kujibu. Angesema desturi, angesema wakwe, angesema lile jina la babu mwenye laana. Alimtafuta ndani yake yule Amulen ambaye siku zote ana la kusema, na hakumkuta. Palikuwa na mwanamke tu ameshika mpini, na swali ambalo hakujua limetoka wapi.

"Alifanana na nani?"

Akurut akasimama. "Nani?"

"Mwanao. Sikumtazama. Siku zote zile nilikuwa nawatazama wakwe."

Obbo alikuwa ameshika usukani tayari. Mama Kashi akamwekea mkono begani, naye akazima injini. Akurut alishusha mguu. Alirudi polepole, akaketi chini kwenye udongo, kati ya shimo na kaburi.

"Alikuwa na masikio ya Baba," akasema. "Yamesimama. Akinyonya, la kushoto linacheza."

Jembe likaanguka. Sauti iliyomtoka Amulen haikuwa imewahi kusikika katika boma lile, ya juu, ndefu, bila haya yoyote, na Akurut akaipokea, mama na binti wakalia wameshikana mabegani. Majirani waliokuwa wakipalilia wimbi waliacha makonde wakaja mbio, wanawake mikono kichwani, wanaume wakiuliza wakiwa bado mbali: ni nani amekufa, jamani, amekufa nani?

"Mjukuu wangu," Amulen akasema.