Hatua Kumi za Mwisho

Wenzangu mliokulia Njombe wakati wa Mwingereza, mnaikumbuka baridi ile ya mwezi wa saba, umande ukiuma nyayo, na bado hakuna mtoto aliyekaa ndani. Mimi hasa sikuweza kukaa. Kanisani nilichezesha miguu tangu wimbo wa kwanza hadi baraka, mpaka mama akaninong'oneza, "Umemeza siafu?"

Baba alifyeka nyasi kwenye kiwanja cha gofu cha Wazungu wa shamba la miwati, miti ya magome ya kulainishia ngozi, upande wa barabara ya Makambako. Siku moja bwana mmoja alimpa mpira uliochubuka. Kwetu ulikuwa mali. Tukakata matawi ya miwati yaliyopinda mwishoni, tukafukia kopo uani, tukawa wachezaji.

Kupiga mbali kila mtu aliweza. Kazi ilikuwa hatua kumi za mwisho, maana nyuma ya kopo bibi alianika kimea cha ulezi, cha togwa ya sikukuu ya mavuno. Ukizidisha nguvu kidogo, mpira umo mkekani. Baba alituonyesha: fimbo isirudi nyuma kupita goti, mpira udondoke karibu, kisha utambae wenyewe. "Wa karibu haupigwi," alisema, "unasindikizwa." Kaka yangu Elia alielewa. Mimi mikono yangu ilikuwa na haraka kama miguu.

Mara ya tatu mpira wangu ulipotua mkekani, bibi akauinua. "Ukiingia tena, nautia motoni." Na bibi hakuwahi kusema neno akalirudisha. Mpira ulikuwa huo mmoja tu.

Zamu yangu ikafika. Nikauinamia mpira, fimbo mkononi.

"Piga basi, we! Au unasali?" Elia akanidhihaki.

"Nasali!" Na kweli nilikuwa nasali.

Nikausindikiza. Ukadondoka, ukatambaa, ukalikaribia kopo polepole mno. Nikashindwa kuungoja. Nikaufuata mbio nikishangilia. Ukaingia, nami sikuweza kusimama, nikapitiliza hadi katikati ya kimea. Ulezi ukamwagika mchangani.

Bibi akanyoosha mkono apewe mpira. Elia akaukumbatia. "Bibi, ulisema mpira! Hukusema miguu!"

Bibi akafikiri. "Kweli. Basi mpira uende ukacheze. Miguu ibaki hapa."

Nilikaa hadi jua linazama, nikiokota ulezi punje kwa punje, huku wenzangu wakipiga kelele nyuma yangu. Sijapata adhabu ndefu kama ile, na namshukuru Mungu kwa ajili yake. Uvumilivu wote nilio nao ulianzia pale, ingawa mpaka leo hautoshi.

Juzi wajukuu walinionyesha gofu kwenye simu. Walikuwa wameketi tangu asubuhi, wametulia kuliko wazee wa kanisa. Bibi angekosa wa kumwadhibu. Kidole kikagusa, mpira ukatambaa, ukaingia. Hakuna aliyeinua hata shingo. Mimi peke yangu ndiye niliyesimama.