Nilivyomfuata Bosi Hadi Embu

Wenzangu, msinicheke kabla sijamaliza. Nafanya kazi katika ofisi ya wadi hapa Mitunguu, na mwaka huu niliamua kusomea shahada ya uzamili katika utawala wa umma. Kozi hiyo ipo Meru, karibu na nyumbani, na huko wanafundisha pia kusimamia miradi ya maji. Mama, ambaye ndizi zake hunyauka mfereji ukikauka, alinisihi niende huko.

"Mama, mambo ya ofisi huyajui," nikamjibu.

Nilikuwa nimemwona bosi akienda Embu kila Jumamosi, vitabu vimejaa kiti cha nyuma cha gari. Sikumuuliza neno. Nilijiambia kwamba nikikaa darasa moja naye, cheo kitanifuata chenyewe. Nikajisajili Embu na karo nikalipa, nayo hairudishwi.

Jumapili iliyopita nilisimama kanisani niombewe. "Mimi na bosi wangu tutakuwa tunasoma masters pamoja huko Embu," nikatangaza. Makofi! Mama akafuta machozi.

Kisha pasta akaomba wageni wasimame wajitambulishe, kama kawaida yetu. Kutoka kiti cha nyuma kabisa, akainuka bosi.

"Bwana asifiwe! Mimi nimekuja tu kuwasalimia. Lakini hayo masomo yangu nayasikia hapa. Embu mimi hupeleka mama watoto, ndiye anasomea ualimu. Mimi hulala kwa gari mpaka amalize."

Kanisa zima likaangua kicheko. Mama hakucheka. Alinigeukia, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na maji, mwanangu?"